Arusi Iliyoanzia Gazetini

Mzee Omolo wa nyumba za reli, Nakuru, alikuwa na ugonjwa mmoja: haamini kitu mpaka akione gazetini. Mvua ingemlowesha chapachapa, naye angesubiri gazeti la Ijumaa ndipo atafute mwavuli!

Sasa Dalmas, mchumba wa binti yake Adero, alishtakiwa pamoja na wenzake wawili kwa wizi wa ngano kule Mau Narok. Hakimu akaona Dalmas hana hatia, akamwachilia. Lakini kesi ya wale wawili ilikuwa bado, kwa hiyo akapiga marufuku: gazeti lolote lisiandike hata neno moja la kesi hiyo mpaka iishe.

"Baba, ameachiliwa! Nilikuwa kortini mwenyewe," Adero alisema.

"Gazeti limesema?"

"Limekatazwa kusema."

"Basi kwangu bado ni mwizi. Jumamosi unapanda gari la moshi uende kwa shangazi yako Yala. Huyo kijana umsahau."

Jamani, mzee huyu! Adero alilia, akachoka kulia, akakasirika. Akaenda moja kwa moja kwa Wasike, mhariri wa gazeti dogo la Kiswahili pale mjini.

"Binti, nikiigusa hiyo kesi nafungwa," Wasike alisema.

"Na arusi, je? Hakimu amekataza arusi?"

Wasike akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

Ijumaa Mzee Omolo alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida yake. "Bwana Omolo wa reli anafurahi kuwaalika nyote kwenye arusi ya binti yake Adero na Bwana Dalmas..." Akarudi mwanzo. Akasoma tena. Adero alikuwa mlangoni, hajui akimbie au abaki.

"Adero!"

"Abee, baba."

"Mtu aliyefungwa anaweza kuoa?"

"Hawezi, baba."

"Na hapa wameandika kwamba ninafurahi."

"Wameandika, baba."

Mara vigelegele nje! Mama Nekoye, jirani yao, alikuwa anakuja na wanawake wa mtaa mzima, gazeti analipunga juu. Mzee alilitazama gazeti, akawatazama wanawake. Afanye nini, alikane gazeti? Tabasamu likamponyoka.

"Ala!" akasema. "Kumbe nimefurahi tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia!"