Yule wa Chini ya Nguzo

Siku ya Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, fundi aliyeitwa Nukta alikuwa amepiga magoti nyuma ya runinga ya muuguzi mstaafu, ghorofa ya pili, akichomeka waya wa mwisho kwenye king'amuzi kipya. Kilikuwa cheusi, chembamba kama daftari, na kilifanya kazi mbili kwa pamoja: kuleta picha za runinga na kuwa modemu ya intaneti. Kampuni ilikuwa imeamua kwamba kila mteja abadilishiwe kabla mwezi haujaisha, apende asipende.

"Kile cha zamani kilikuwa na kosa gani?" muuguzi aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye sofa, rimoti mpya ameishika kama kipimajoto.

"Hakikuwa na kosa, mama. Kimezeeka tu."

"Hata mimi nimezeeka, mbona sijarudishwa dukani?"

Taa ya king'amuzi iliwaka nyekundu, ikafikiri kidogo, ikawa ya kijani. Chaneli zikaanza kujipanga zenyewe, moja baada ya nyingine. Zilipofika arobaini na tisa zikasimama, na kwenye kioo akatokea fundi mwenzake, Twiga, juu ya nguzo, amevaa ovaroli ya kampuni, koleo limening'inia kiunoni.

"Hodi," Twiga alisema.

"Karibu, baba," muuguzi akajibu, kisha akamgeukia Nukta. "Huyu naye yumo kwenye kifurushi?"

Nukta alimtazama Twiga. Twiga alikuwa amekufa miezi kumi na moja iliyopita.

"Yumo, mama," alisema. "Anakuja nacho."

Alimpa muuguzi karatasi ya kusaini, akakusanya bisibisi zake, akateremka ngazi. Alipofika barabarani alisimama kidogo kando ya gari, mkono juu ya boneti, mpaka dereva wa lori la maji akampigia honi apishe.

Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Twiga alikuwa mrefu hivi kwamba waya za chini alizifikia bila ngazi; Nukta alikuwa mfupi na mnene kidogo. Walipopita mtaani wakifuatana, watu walisema, "Haya, alama ya mshangao hiyo imefika." Sasa ilikuwa imebaki nukta tu, na hakuna aliyeshangaa kitu.

Siku aliyokufa Twiga, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Twiga alimwonyesha msimamizi mkanda wake wa usalama, ulivyokatika uzi na kufungwafungwa kwa kipande cha waya, akasema angengoja mwingine uletwe. Msimamizi alitazama saa. "Panda tu," alisema. "Dakika mbili." Nukta alikuwa ameshika ngazi. Alisikia kila neno, na yeye mwenyewe hakusema neno. Baada ya maziko msimamizi alimletea karatasi iliyokwisha kuandikwa: marehemu alipanda kwa uamuzi wake, bila kuagizwa na mtu, na hakuvaa mkanda aliopewa. Chini kulikuwa na mstari wa shahidi. Nukta aliisoma mara mbili, akawafikiria wanawe watatu, akasaini. Wiki mbili baadaye alikabidhiwa funguo za gari na kuitwa fundi mkuu.

Mpaka Ijumaa alikuwa amefunga ving'amuzi ishirini na sita, na Twiga alikuwa ndani ya vyote. Hakuwa na makuu. Aliongea na kila nyumba mambo ya nyumba hiyo. Alimwambia muuguzi aondoe chombo cha maua juu ya kisanduku, kwa kuwa maji na modemu ni paka na panya. Alimwambia kinyozi kwamba kile kioo chake kikubwa ndicho kilichokuwa kinairudisha intaneti ilikotoka. Kinyozi aligeuza kioo, na intaneti ikaenda kasi tangu siku hiyo. Wateja wakawa wananyolewa huku wakimsalimia. Ila kila alasiri, saa tisa na robo, mkanda uliachia, na Twiga akaanguka. Sauti iliyofuata haikuwa kubwa. Muuguzi alisema ni kama gunia la unga linapotuliwa sakafuni. Kisha chaneli ilikuwa ya rangi ya majivu mpaka asubuhi, alipoonekana yuko juu tena, anajifunga.

Watu walizoea. Kinyozi alipunguza sauti saa tisa na dakika kumi na nne, akaipandisha tena saa tisa na dakika kumi na sita. Malalamiko yalipigwa kwa kampuni, na wasichana wa simu waliyaandika kama walivyofundishwa: mteja anasema fundi wa chaneli ya 49 analowa, apewe koti, mteja anasema fundi anakonda, mteja anauliza kama anaweza kuwekwa pia chumbani.

Lakini picha haikuonyesha juu tu. Ilipigwa kana kwamba mtu anatazama kutoka nguzo ya jirani, hivyo chini ya ngazi ilionekana pia jozi ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na sauti ya mwenye viatu ilisikika waziwazi, mara kwa mara: "Panda tu. Dakika mbili." Kando ya viatu alisimama mtu mfupi, ameshika ngazi kwa mikono miwili.

Fundi cherehani wa kona ya soko ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Nukta alipofika dukani kwake na kisanduku kingine, mama huyo alikuwa ameshaiona chaneli hiyo kwa jirani.

"Kumbe ni wewe," alisema, akimsogezea kiti. "Yule wa chini."

"Ni mimi."

"Ule mkanda nimeutazama vizuri. Uzi umekwisha kuoza, hapa na hapa. Aliyeufunga kwa waya hakuwa na pengine pa kukimbilia. Mimi hata suruali ya kazi siwezi kumrudishia mteja ikiwa vile." Alimmiminia maji kwenye glasi. "Kunywa. Jua kali."

Nukta alikunywa. Kila nyumba baada ya hapo ilikuwa hivyo. Walimfungulia mlango, wakamtambua, wakampa maji. Hakuna aliyemtukana. Alikunywa maji mengi mno wiki hiyo. Muuguzi tu, alipompigia simu arudi kuangalia rimoti, alimwuliza kwa upole, kama anayemwuliza mgonjwa anaumwa wapi: "Baba, mbona pale chini husemi kitu? Nangoja kila siku, naona mdomo umeufunga tu."

Kampuni ilituma marekebisho kupitia waya. Kesho yake chaneli zote zilikuwa safi kuliko mwanzo, na ya arobaini na tisa ikawa safi kuliko zote. Sasa ungeweza kuhesabu mizunguko ya waya kwenye mkanda. Ilikuwa minne.

Jumatatu iliyofuata, kwenye orodha ya kazi kulikuwa na jina la mke wa Twiga. Nukta aliomba mwenzake mwingine aende. Mwenzake alisema amejaa mpaka jioni, akaongeza, "Na kwako wewe si ni kama nyumbani?"

Alikwenda. Mke wa Twiga aliishi vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro, na binti yake wa miaka tisa. Runinga alikuwa ameiazima. Alikuwa amefuta vumbi mezani na kuweka kitambaa safi mahali ambapo kisanduku kingekaa.

"Karibu, shemeji. Umepotea."

"Kazi, shemeji."

"Kazi, kweli."

Alifunga kila kitu kwa uangalifu, hata skrubu ambazo huwa zinaachwa. Taa ikawa ya kijani. Twiga alipotokea, aliwatazama wote watatu muda mrefu, mvua ikimtiririka kidevuni.

"Nani amefunga?" aliuliza.

"Nukta," mkewe akajibu.

"Basi kimefungwa vizuri."

Binti alisogea karibu na kioo. Shuleni alikuwa ameambiwa kwamba baba yake alikuwa mzembe, na babu yake mzaa baba alikuwa amelisema hilo msibani mbele ya watu: mwanangu amejiua kwa haraka zake. Msichana alitazama viatu vyeusi, akaisikia ile sauti, akautazama mkanda. Kisha akamgeukia mama yake. "Alitumwa," alisema.

"Alitumwa, mwanangu."

Mke wa Twiga alifungua droo, akatoa nakala ya ile karatasi, akailaza mezani mbele ya Nukta. Makunjo yake yalikuwa yameanza kuchanika.

"Nilikwenda ofisini mara tatu," alisema. "Mara ya mwisho tulikwenda na yule mama mshonaji na yule muuguzi, walionijia baada ya kuiona chaneli. Msimamizi akasema runinga si shahidi. Shahidi ni mtu, na mtu amesaini. Sitaki kingine, shemeji. Nataka hili neno 'bila kuagizwa' litoke. Huyu mtoto atakua, ataolewa, ataulizwa baba yake alikufaje."

Nukta aliutazama mstari wenye saini yake. Kwenye kioo Twiga alikuwa ameinamia kazi, anakaza kitu ambacho hakikuonekana.

"Nitasema," alisema.

"Lini?"

Alitaka kusema kesho. "Sasa hivi," akasema.

Msimamizi alikuwa mezani kwake, anakula chungwa. Ukutani kulikuwa na runinga ya ofisi, na kwa kuwa nayo ilikuwa na king'amuzi kipya, Twiga alikuwa pale. Nukta hakukaa.

"Aliagizwa," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, wasichana wa simu wakageuka. "Wewe ulimwagiza. Alikuonyesha mkanda, ukaona, ukamwambia dakika mbili. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, kisha nikasaini uongo. Nataka ile karatasi ibadilishwe."

Msimamizi alimaliza kipande cha chungwa, akafuta vidole. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa kwa jambo dogo.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Kila nyumba inaona, kila siku, mchana kweupe. Mke wangu anaona. Mama yangu ananipigia simu kutoka huko kwao kuniambia viatu vyangu vilikuwa vizuri. Kuna mtu aliyekataa kwamba nilimwagiza?"

"Karatasi imekataa."

"Karatasi imefungwa." Aliinua mabega kidogo. "Faili likishafungwa halifunguliwi kwa habari ambayo kila mtu anayo. Lingekuwa jambo jipya, sawa. Wewe umeniletea nini kipya?"

 Ukutani ile sauti ilisema, "Panda tu. Dakika mbili," na msimamizi aliyekuwa mezani alitikisa kichwa taratibu kama anayesikia wimbo anaoujua. Wasichana wa simu walirudi kwenye simu zao. Mmoja alikuwa anaandika: mteja anaomba fundi asogee kushoto, anaziba nembo ya kampuni.

"Kesho una nyumba saba," msimamizi alisema. "Anza na zile za karibu na stesheni."

Nukta alirudi kwa mke wa Twiga kwa miguu, gari akaliacha ofisini. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa amekaa chini, mbele ya kioo. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umesema?" mama aliuliza.

"Nimesema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Wote wamesikia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema wanajua."

Mke wa Twiga aliikunja ile karatasi kwa makunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye droo, akaifunga droo kwa goti. Hakulia. Alimvutia Nukta kiti, naye akakaa, na wote watatu wakatazama. Hawakupunguza sauti. Twiga alifika juu kabisa, akajifuta maji usoni kwa kiwiko, akaita, "Nukta, shika vizuri hapo." Chini, yule mtu mfupi akashika vizuri zaidi.

"Baba mdogo," binti alisema bila kugeuka, "yule wa chini ataanza kusema lini?"

 Zilibaki dakika tatu.

"Yule hasemi, mama," Nukta alijibu. "Ile imeshapita."

"Lakini baba bado yuko juu."

"Yuko juu."

Msichana aliwaza hilo, kisha akasogea mbele zaidi, mpaka mwanga wa kioo ukamjaa usoni.

"Basi nitamngoja aseme," alisema.