Jina la Mukund Redioni

Kila Alhamisi saa nane mchana, Rajmati aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo akaenda kuketi juu ya gunia nyuma ya duka la tambuu la mumewe, Girdhari. Saa hiyo ndipo jina la mwanawe lilipotajwa redioni.

Duka lilikuwa dogo kama kabati, lakini ndilo lililokuwa makao makuu ya Kilabu ya Wapenzi wa Rahil Sandilvi pale Sonpahari. Rahil alitunga maneno ya nyimbo za sinema, na alifariki kabla wanachama wengi hawajaota ndevu. Hata hivyo, mji mzima wa machimbo ulimtegemea. Bhola, dereva wa lori la makaa, akigombana na mkewe alimwomba radhi kwa maneno ya Rahil, kwa kuwa yake mwenyewe hayakumtosha. "Huyu bwana," alikuwa akisema, "alijuaje mambo ya chumbani kwangu?"

Kazi ya kilabu ilikuwa moja tu: kila wiki kupeleka kadi ya posta redioni kuomba wimbo wa Rahil, na chini yake kuorodhesha majina ya waombaji. Mtangazaji aliyasoma yote, moja moja, ndipo wimbo ulipopigwa.

Jina la Mukund, mwana wao, lilikuja mwisho siku zote. Mukund mwenyewe hakuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tisa baba yake alipomkuta akiandika mashairi juu ya karatasi za kufungia tambuu huku wateja wakisubiri. Girdhari alimfokea mbele za watu: "Toka! Usirudi hapa mpaka uwe mtu." Ulimi hauna mfupa. Jioni ile kijana akaondoka, na mwaka wa tisa ulikuwa unapita bila hata barua.

Girdhari hakuwahi kumwomba mtu msamaha maishani mwake. Lakini tangu wiki ile aliandika jina la mwanawe kwenye kila kadi, na kila mara akaomba wimbo ule ule, ule usemao: mlango sikuufunga mimi, ni upepo. Popote alipo, alisema, redio haikosekani. Naye Rajmati kila alfajiri aliwasha taa mbele ya mrehani mtakatifu wa uani na kuomba neno moja: "Bwana, mfikishie sauti."

Mwaka huo Girdhari alipata mtoto wa jicho, hakuweza tena kuandika. Kalamu akapewa Lalan, kinyozi wa jirani, aliyehamia Sonpahari miaka minne tu iliyopita. Ikawa ni Alhamisi ya kumbukumbu ya kifo cha Rahil, siku yenye kadi yake maalumu.

"Leo akilikosea tena jina langu yule mtangazaji," Bhola alisema, "nampelekea lori zima la makaa mlangoni."

"Jina lako halina kosa," Lalan akamjibu. "Kosa ni sura, na hiyo redioni haionekani."

Watu wakacheka. Rajmati naye alicheka, akajifuta macho kwa upindo wa sari. Kisha sauti ya mtangazaji ikaja, laini kama samli.

"Kutoka Sonpahari, duka la tambuu la Girdhari. Wanachama wanawakumbuka wenzao waliotangulia: marehemu Ramsevak, marehemu Jagdish, marehemu Mukund..."

Hakuna aliyesikia yaliyofuata. Jani la tambuu lilimponyoka Girdhari mkononi.

"Umeandika nini?" Rajmati alisimama. "Lalan! Umeandika nini wewe?"

Kinyozi alitazama huku na huku. Kwa desturi ya kilabu, kadi ya siku ile hutanguliza waliofariki. Alikuwa amelifungua daftari la zamani la wanachama, akaona jina la mwanachama ambaye hajapata kumwona, na ambaye baba yake hamzungumzii kamwe.

"Mama Mukund, nilidhani..." Alijishika masikio yote mawili kama mtoto aliyekosa. "Nilidhani mnaona uchungu kuandika 'marehemu' wenyewe. Mzazi unamuulizaje jambo kama hilo? Nikasema nimpe kijana heshima yake."

"Heshima! Anasikiliza, Lalan! Huko aliko amesikia kwamba kwao wameshamchoma moto kama maiti!"

Jioni ile ile Lalan aliandika kadi nyingine, ikapelekwa posta: Mukund wa Sonpahari yu hai, nyumbani wanamngoja. Rajmati alijinyima chakula cha mchana akiomba ifike upesi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini Bhola naye alikwenda posta mara mbili kuhakikisha kwamba sanduku limefunguliwa.

Siku ya tisa alikuja mwanamume mwenye sanduku la bati begani. Aliusoma ubao wa jina la duka polepole.

"Mzee, wewe ndiye Girdhari? Mimi naitwa Raghubir. Natoka Surat, kwenye viwanda vya kufuma nguo." Aliliweka sanduku chini taratibu. "Hivi ni vitu vya Mukund."

Rajmati aliyasikia hayo akiwa nyuma, akatoka.

"Ulikuwa ugonjwa wa manjano, mama. Msimu wa mvua wa mwaka juzi. Tulimpeleka hospitali, hakumaliza wiki."

"Mwaka juzi," alisema Girdhari. "Na ninyi mkanyamaza?"

"Kila Alhamisi mlikuwa mnamwita, mzee. Tulikaa chumbani watu kumi na wawili, tukatazamana. Nani awe wa kwanza kuikata sauti ile? Tuliposikia mmesema marehemu, tukajua habari zimewafikia kwa njia nyingine. Ndipo nikapanda treni."

Lalan, aliyekuwa akimnyoa mteja kando ya barabara, aliweka wembe chini.

"Alikuwa anasikia?" Rajmati aliuliza.

"Hakukosa hata wiki moja. Mashine zinanguruma, yeye kaganda na redio sikioni. Akitajwa anatukonyeza: 'Mzee ananiita.' Tunamwambia, basi nenda, mjinga wewe! Anasema mwaka kesho, akishakuwa mtu." Raghubir aligusa lile sanduku. "Barua zetu zote za nyumbani aliandika yeye. Mke wangu alikuwa ameondoka; alirudi kwa barua ya Mukund. Kama yule hakuwa mtu, mzee, mimi sijui mtu ni nani."

Rajmati alishika nguzo ya duka. Alikuwa ameomba sauti imfikie mwanawe, nayo ilimfikia. Hakujua kwamba kulikuwa na jambo la pili la kuomba.

"Nani aliuwasha moto wa maiti yake?"

"Mimi, mama. Hiyo ni kazi ya ndugu, nami si damu yake, Mungu anisamehe."

Rajmati aliinama akaushika mkono wa Raghubir kwa mikono yake miwili, akaugusisha kwenye paji la uso wake.

"Mama Mukund," Lalan aliita kwa sauti ya chini, "ile kadi yangu ya kusema yu hai bado haijasomwa. Niwaandikie waizuie?"

"Iache. Waisome."

Girdhari alishuka kutoka kwenye kiti chake, akipapasa njia kwa vidole, mpaka akalishika bega la mgeni.

"Hebu niambie tena. Akinisikia, alikuwa anasemaje?"

"'Mzee ananiita.'"

"Kwa hasira?"

"Hapana, mzee. Akitabasamu."

"Niambie tena," alisema Girdhari. Na Raghubir, aliyekuwa amesafiri siku mbili na hajanywa hata maji, akamwambia tena.