Pua ya Kaka

Kiwandani hakuna aliyemwita kaka yangu kwa jina. Walimwita Pua. Tanuri letu lilikula maranda ya mbao na pumba, likaviunguza kwa hewa ya kubania mpaka vitoe gesi, na humo ndimo tulimopata haidrojeni. Gesi hiyo ilinuka lami. Bomba likivuja hata kwa upana wa unywele, Pua alijua kabla kipima gesi hakijalia. Alipita akinusa maungio yote ya mabomba, huku akitamba: "Hicho kidude chenu kinataka betri. Mimi nataka mafua yasinipate tu."

Kazi ya kuchuja ilikuwa yangu. Lami ilinichosha kwa kuziba mabomba, nikatengeneza chujio jipya la mkaa, nikalifunga pale pale gesi inapotoka tanurini. Ikaja safi, hainuki kitu. Kwa furaha nikamwita kaka aje anuse.

"Mdogo wangu, umeniachisha kazi!"

Tukacheka. Ee, nami nilicheka! Sumu ya gesi ile, kaboni monoksidi isiyo na harufu yake yenyewe, ilikuwa mle mle, haijapungua hata chembe. Iliyoondoka ni harufu tu. "Vaa kipima," nilimwambia, lakini kiutani, naye akakiacha kwenye msumari wake wa siku zote.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, aliingia chumba cha pampu. Mwenzake alimwona akiinamia maungio, akinusa, kisha akimpungia mkono kwamba ni salama. Tulimkuta amekaa, mgongo ukutani, kama aliyejipumzisha. Alikuwa ameshakufa.

Baada ya mazishi meneja aliniletea karatasi yenye sentensi moja: marehemu hakuvaa kipima.

"Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Tia sahihi, tuyamalize."

Sikutia. Nikitia sahihi, watoto wa kaka watakua wakijua baba yao aliuawa na ubishi wake. Nikiandika habari za chujio, kazi sina, na sijui wifi yangu atanitazama kwa jicho gani. Niliogopa, sifichi. Nikaichukua karatasi mpaka kwake.

Nilimkuta akikunja mashati ya kazi ya mumewe. Kila moja alilipeleka puani kwanza.

"Miaka kumi na mbili nimegombana na lami hii," alisema. "Leo naitafuta. Haya mawili ya mwisho hayana hata harufu yake."

Nikamwekea karatasi mbele yake, akaisoma.

"Wifi, mume wangu alikuwa hakosei. Siku ile hakunusa?"

"Alinusa, wifi. Hapakuwa na cha kunusa. Harufu niliiondoa mimi, na sikumzuia kuitegemea pua."

Nikamweleza yote, chujio, kicheko, msumari. Alilikumbatia lile shati la mwisho muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda kwenye mkoba wa shule wa mwanawe, akarudi na kalamu.

"Basi andika na hilo," alisema, bila kunitazama.

Nikaandika.