Mke wa Fundi Amehama

Kwa kubomoa, fundi Deusdedit hakuwa na mpinzani. Jiko la Mama Enock pale Nyahanga alilivunja asubuhi moja tu, huku akiimba nyimbo za kwaya, na kufikia mchana ukuta ulikuwa chini, sinki jipya limelazwa juu ya kochi, na mchanga umeingizwa sebuleni kwa toroli ili mvua isiuzoe. Akachora kwa mkaa mahali kabati litakapokaa. Akala wali aliopikiwa uani, akausifu, akasema atarudi kesho asubuhi na mapema.

Mwezi ukaisha, kesho yenyewe haijafika.

Mama Enock, ambaye jina lake ni Bernadina, alikuwa muuza mchele, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka barabara. Wanawe walikuwa wameshajitegemea. Enock mwenyewe alikuwa huko Geita kwenye machimbo. Mumewe, Herman, alifanya kazi bandari kavu ya Isaka na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Aliporudi alikuta kuku wa jirani wametaga kwenye mchanga wa sebuleni, na mkewe anapikia chini ya upenu mwembamba wa paa la nyuma, mvua ikimpiga mgongoni.

"Mke wangu, hawa dagaa wana mchanga," Herman alisema akitafuna polepole.

"Dagaa hawana mchanga. Nyumba ndiyo ina mchanga. Wewe kula."

Kila Bernadina alipompigia fundi, jibu lilikuwa lile lile: "Mama Enock, niko njiani nakuja." Siku moja alisema yuko duka la vifaa vya ujenzi anachagua marumaru, na nyuma yake ng'ombe wakawa wanalia. Siku nyingine Bernadina alimfuata mwenyewe kule Malunga, ambako tajiri mmoja wa dhahabu alikuwa anajenga gesti. Deusdedit alipomwona kwa mbali akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili.

"Shikamoo mama!" aliita kutoka juu, akitabasamu kwa meno yote. "Nikishuka sasa hivi lipu itakauka vibaya. Lakini jiko lako liko moyoni mwangu!"

"Litoe huko moyoni ulilete nyumbani!" Bernadina alijibu, na wajenzi wote wakacheka. Deusdedit naye akacheka. Hapo ndipo hasira ilipompanda Bernadina kweli kweli, kwa sababu mtu anayecheka na wewe huwezi hata kumtukana vizuri.

Asubuhi iliyofuata alikusanya sufuria, mwiko, jiko la mkaa, unga na furushi la mboga, akapakia kwenye bajaji, akamwambia dereva ampeleke Mhungula, nyumbani kwa fundi. Njia nzima alikuwa anajifunza la kusema. Alitaka kumtisha mke wa fundi kidogo.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana, mrefu, mtoto mgongoni. Alikuwa Limi, mke wa Deusdedit.

"Shikamoo mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mumeo amevunja jiko langu, hajajenga lingine. Kwa hiyo kuanzia leo mimi napikia kwenye la kwake. Nionyeshe liko wapi."

Limi alimtazama, akatazama sufuria, akatazama mwiko uliochomoza kwenye furushi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kizingitini.

"Mayu, njoo uone jiko la fundi," alisema akijifuta machozi.

Jiko la fundi lilikuwa kuta tatu na turubai la bluu. Ukuta wa nne ulikuwa bado kwenye mawazo. Dirisha la sebule lilizibwa kwa boksi la sabuni, na mlango wa chumba cha kulala ulikuwa khanga iliyofifia.

"Hili jiko nilianza kuahidiwa nikiwa na mimba ya Mageni," Limi alisema. Mageni, binti yake mkubwa, wakati huo alikuwa shuleni, darasa la pili. "Kila siku kesho. Watu wa mji huu wana nyumba nzuri, mume wangu ndiye kazijenga. Zikikaribia kwisha tu, mwili unamwasha, anataka kuanza nyingine."

Bernadina aliweka sufuria chini. Maneno yote aliyojifunza njiani yalikuwa hayana kazi tena. Wakapika pamoja chini ya turubai, wakala, na walipofika kwenye chai walikuwa wanaongea kama watu wa tumbo moja.

Limi ndiye aliyelitoa wazo. "Mayu, kwako kuna chumba?"

"Vyumba vipo. Jiko ndilo halipo."

"Jiko kukosekana nimezoea," Limi akasema, na tayari alikuwa anakunja nguo za watoto.

Jioni Deusdedit alirudi akiwa na njaa, akakuta nyumba kimya na masufuria yamefunikwa kifudifudi. Akampigia simu mkewe.

"Limi, mko wapi?"

"Tuko njiani tunakuja," Limi akajibu kwa upole. Pembeni yake Bernadina alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kitenge.

Alipopiga tena aliambiwa watafika kesho asubuhi na mapema. Kesho yake akaambiwa kuna foleni, na sote tunajua Nyahanga na Mhungula hazina foleni ya kulaza watu. Deusdedit alilala na mihogo mikavu, akaenda kazini na shati alilofua mwenyewe, likiwa na mistari ya sabuni. Wenzake wakamuuliza kulikoni. Akasema mkewe kaenda kusalimia. Ilibidi Mageni, ambaye hakujua kudanganya, amwambie baba yake kwenye simu kwamba wako kwa bibi mwenye mchanga ndani ya nyumba.

Fundi alielewa mara moja ni nyumba gani.

Alifika Jumamosi, amechomekea. Herman naye alikuwa ameshafika kutoka Isaka, na bado alikuwa anajaribu kuzoea watoto wawili waliokuwa wakichimba mahandaki kwenye mchanga wa sebuleni kwake.

"Karibu fundi," Bernadina alisema kwa adabu kubwa. "Pita. Angalia usijikwae, hayo ni matofali yako. Kochini pana sinki lako, kaa hapo kwenye ndoo. Nayo ni yako."

Deusdedit akakaa kwenye ndoo. Akaletewa chai. Akainywa, akasikia kitu kikisagika kwenye meno, akameza hivyo hivyo.

"Mama Mageni, twende nyumbani," alimwambia mkewe.

"Nyumbani kuna nini, Baba Mageni?"

Deusdedit akamgeukia Herman. "Baba Enock, wewe ni mwanaume mwenzangu. Hebu sema na hawa."

"Mimi ndiye ninayekula mchanga," Herman alisema. "Niseme nao nini?"

Siku hiyo hiyo Deusdedit alivua shati. Kazi ilikwenda kwa kasi ya ajabu, kasi iliyomtia Bernadina wasiwasi, na aliposikia "Tayari!" alijaza ndoo maji akayamwaga katikati ya sakafu mpya. Maji yakakusanyika, yakafikiri kidogo, kisha yakaelekea sebuleni yote kwa pamoja, bomba la kutolea likibaki kavu upande wa pili.

"Ni maji machache tu," fundi alisema.

"Ng'oa," Limi alisema kutoka mlangoni.

Akang'oa. Katikati ya kung'oa simu yake ikalia. Alikuwa yule tajiri wa gesti. Deusdedit akafungua mdomo kusema yuko njiani, lakini Bernadina alikuwa ameshaichukua simu.

"Yuko kwangu, baba. Akimaliza nitakuletea. Hapana, hajafungwa. Mke wake yuko hapa." Akasikiliza, akaanza kutabasamu. "Na kwako pia vyoo havina milango? Pole sana."

Jiko lilikamilika safari hii kweli. Maji yalikwenda yalikotakiwa, sinki likapata mahali pake, na fundi alipokusanya vifaa vyake ili aondoke alikuta Limi amesimama na ufagio mkononi. Fundi akatoa vifusi kwa toroli, akafagia mchanga, akafuta hata madirisha. Alipomaliza alisimama katikati ya jiko akigeuka huku na huku, na Bernadina akaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyekutana na ndugu wa kambo ambaye hakujua kuwa yupo.

"Limekuwa zuri," Deusdedit alisema kwa sauti ndogo.

"Zuri sana," Bernadina alikiri. "Sasa twende kwako. Sufuria zangu nimeshafunga."

Wiki ile Bernadina alishinda Mhungula kila siku kutwa nzima, kwenye kigoda, mpaka ukuta wa nne ukasimama na turubai likashushwa. Limi na watoto waliporudi kwao, nyumba ya Nyahanga ilikuwa safi na kimya mno. Bernadina alizungukazunguka jikoni, akafungua bomba, akalifunga, hakujua afanye nini na utulivu huo.

Kwa bahati nzuri hodi ikapigwa. Alikuwa Paskalia wa mtaa wa pili, anapumua kwa nguvu. Mchomeleaji Boaz amemng'olea geti lake akalirekebishe, na sasa mbuzi wa mji mzima wanapita uani kwake.

"Nimesikia habari zako na fundi Deusdedit," Paskalia alisema. "Nisaidie, mama."

Bernadina alikuwa tayari anatafuta viatu. "Huyo Boaz mke wake anakaa wapi?"

"Hana mke."

Bernadina akasimama na kiatu kimoja mkononi, akafikiri.

"Mama yake je?"