Siku ya Sukari

Adabu ndiyo itakayomuua mama yangu. Zahanati yetu imepanga Jumatatu presha, Jumatano sukari, Ijumaa kifua, na yeye ameugawa mwili wake vivyo hivyo. Ana vifuko vitatu vya kitambaa, kila ugonjwa na kifuko chake, wala hachanganyi. Jumatatu, kabla ya kumwona daktari, huivutia pampu ya pumu chooni, kisha hukaa kwenye benchi akijikaza mpaka kifua kitulie ndipo aingie.

"Mama, si umwambie tu kwamba unashindwa kupumua?"

"Siku hiyo anashughulika na presha. Nitamvurugia kazi yake kwa nini?"

Basi. Ukibishana naye unaonekana wewe ndiye huna malezi. Ijumaa anaambiwa avute zaidi, anavuta, na bado anazidi kuisha. Siku hizi hafiki mlangoni bila kushika ukuta. Nikiwa jikoni nasikia kifua chake kikipiga filimbi, na nimechoka kuogopa.

Jumatano hii midomo yake ilibadilika rangi. Nilimbeba mgongoni, vifuko vyote vitatu vikining'inia shingoni mwangu. Njia nzima alinigonga bega.

"Ungechukua cha sukari tu, mwanangu. Watatushangaa."

Watu wa foleni walinisema, nami nikawasema, nikapita. Nilimkalisha mama kitini, nikamwaga dawa zote mezani kwa daktari. Alizichambua, akaokota pakiti moja ya vidonge vya presha.

"Huyu si ana pumu? Hizi zinabana kifua. Nani kampa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Jumatatu, kwenye kiti hichohicho. Halafu Ijumaa unamwongezea pampu ya kufungua ulichokifunga mwenyewe."

Alimtazama mama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. Hakujitetea. Nilitamani ajitetee nipate wa kumrarua. Alimwita muuguzi, wakamlaza mama, wakamvisha kinyago cha dawa ya mvuke, wakapiga simu ya gari la wagonjwa. Liko njiani, wakasema. Kila nilipouliza, liko njiani.

Ndipo nikaona mama amekaza midomo ndani ya kinyago, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanatiririka. Nilijua ananifia mbele ya macho yangu. Daktari aliinama.

"Mama, mbona unajibana hivyo? Unazuia nini?"

Alikisogeza kinyago kidogo.

"Kikohozi," akanong'ona. "Leo... sukari."

Daktari alimshika mkono.

"Kohoa, mama. Nakuomba."

Mama alinitazama mimi kwanza, aone kama nitaona haya. Nikamwambia na mimi namwomba, akohoe, akohoe hata awatemee wote.

Alijaribu. Pumzi ya kukoholea hakuwa nayo tena.