Upande Mmoja wa Ukuta

Kila asubuhi Victorine aligonga ukuta kwa mwiko mara tatu, naye Delphine akajibu mara mbili. Nyumba zao katika kambi ya wafanyakazi zilichangia ukuta mmoja wa matofali, na huo ndio ulikuwa wito wao wa kwenda bombani. Alhamisi ile Delphine alikaa na ndoo mapajani, akangoja. Ukuta ulinyamaza.

Jikoni sufuria ya maji ilikuwa ikitokota, kama ilivyotokota tangu Jumatatu. Jumatatu hiyo mumewe Anaclet, karani wa ofisi ya kambi, alirudi uso umemsawijika. Alikuwa amepiga chapa barua ya daktari: maji ya bomba lao yalishukiwa kuwa na vijidudu vya homa ya matumbo. Barua iligongwa muhuri wa siri mpaka kipimo cha pili kirudi Jumamosi.

"Bakubwa banaogopa bantu batakimbia, babebe ugonjwa mpaka ku vijiji," Anaclet alisema. "Neno likitoka, mimi nafukuzwa, na nyumba inakwenda. Weye chemsha yetu. Usiseme."

Alichemsha. Victorine aliona moshi mchana kutwa, akamcheka. "Mama Jeanne, hii maji yako itaiva lini? Tuko tunangoja kula."

"Ni tumbo ya mutoto," Delphine alijibu. Tumbo la Jeanne halikuwa na neno.

Sasa alitoka peke yake. Alimkuta Victorine bombani, kitambaa kimefungwa ovyo kichwani, ndoo mbili miguuni. Akina mama walikuwa wamempisha mbele ya mstari.

"Mutoto wangu Mwape iko na homa toka juzi," Victorine alisema. "Sikugonga, nisimuamushe. Anaomba maji tu. Namupa, anamaliza, namupa tena. Leo nabeba mbili."

Akafungua bomba.

Delphine aliyaona maji yakianguka, meupe, mazuri kutazama. Aliwaza vikombe vya siku nne, mtoto ameinuliwa kichwa, mama akimbembeleza anywe. Kila kimoja angeweza kukizuia kwa neno moja kupitia ukuta. Akanyoosha mkono, akafunga bomba.

"Unacheza, Mama Jeanne? Mutoto ananingoja."

"Njoo uchote kwangu," Delphine alinong'ona. "Iko ya kuchemsha."

"Ya tumbo ya Jeanne? Abaki nayo, masikini."

Mstari mzima ulikuwa ukiwatazama. Nyuma kabisa mwanamke mmoja alikuwa akimnywesha mwanawe kwa kiganja. Hata sasa, Delphine aligundua, alikuwa akitafuta kumwokoa mmoja tu, kimyakimya, ili nyumba ibaki. Akaondoa ndoo ya Victorine chini ya bomba, akaimwaga.

"Maji hii iko na ugonjwa," alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa mstari. "Musinywe, mpaka muchemshe. Mupeleke Mwape ku hospitali sasa hivi, Victorine. Nilijua toka Jumatatu. Nilichemsha yangu, nikakuacha weye umupe hii."