Bereti ya Sajini Mutahi

Kila Jumanne Mutahi aliketi kwenye kigoda changu pale Majengo, mjini Nyeri, ninaposhona viatu, akauliza swali lilelile: kapteni wa ndege ya abiria ni sawa na nani jeshini?

"Yuko na watu wangapi chini yake?" alisema. "Msaidizi mmoja na mabegi ya watalii. Huyo ni koplo."

Mimi nilistaafu nikiwa koplo, na Mutahi alilijua hilo vizuri sana.

Siku moja nikachoka, nikamwambia. Jina la kapteni wa ndege lilitoka melini, si kambini. Kapteni wa nchi kavu ana nyota tatu begani, lakini kapteni wa jeshi la majini ana mistari minne, na huyo ni sawa na kanali. Binti yake Wangui, kapteni wa ndege, ana mistari minne. Ajumlishe mwenyewe.

"Ati kanali?" Alicheka mpaka akakohoa. "Gathogo, hiyo mistari imeshonwa na fundi. Hata soja wa kulinda mlango wa supermarket ako nayo."

Hapo hakukosea. Rubani wa ndege za raia hana cheo cha jeshi, na hakuna kanuni inayomlazimisha sajini kumpigia saluti, sembuse sajini mstaafu. Lakini kanuni siyo iliyomuuma. Mutahi alitumikia miaka ishirini na miwili, na alitaka Wangui aingie jeshi la anga. Msichana alikataa, akaenda kusomea urubani kwa raia. Mwaka huu alipopandishwa kuwa kapteni, baba mtu hakumpa hata hongera. Aliendelea kumwita Maitu, yaani mama, kwa kuwa Wangui alipewa jina la mama yake Mutahi, kama desturi yetu ilivyo. Ukiniuliza, nyumbani binti alishampita cheo tangu siku ya kuzaliwa.

Mzee alikuwa na ujanja wake. Kwetu jeshini, asiye na kofia hainui mkono kupiga saluti. Anasimama wima, basi. Kwa hiyo Wangui akija nyumbani na sare, Mutahi anavua kofia. Majirani walimsifu, wakasema ana adabu za kanisani. Mimi niliona anakwepa tu, na nilikasirika kwa niaba ya yule msichana.

Maana Wangui aliijua kanuni hiyo. Akiwa na miaka sita alikuwa akimpigia baba yake saluti uani kila jioni, naye Mutahi akimkaripia mbele yangu: "Mkono chini! Huna kofia. Simama wima!" Mtoto alikuwa akishusha mkono na kukaza magoti, huku akijizuia kucheka.

Basi Wangui alipopiga simu mwezi wa tatu, sauti yake ikisikika mpaka kwangu, nilimwelewa kabla Mutahi hajakata. Alikuwa ametupatia viti viwili, mimi na baba yake, kutoka Nanyuki hadi Nairobi, kwenye ndege anayoirusha mwenyewe.

"Baba, hiyo siku uvae kofia," alisema. "Ukikuja bila, ni sawa, nitakubeba tu. Lakini sitakuomba tena."

Siku tatu baadaye Mutahi aliniletea bereti yake ya jeshi nishone ukingo wa ngozi uliokuwa umeachia. Niliushona siku ileile. Aliivaa toka Nyeri mpaka Nanyuki, na njiani nikajiambia mambo yameisha.

Pale uwanjani ndege ilikuwa ndogo, ya viti kumi na viwili, na upepo ulitoka mlimani ukiwa baridi. Wangui alitoka nyuma ya bawa, kichwa wazi, mistari minne begani. Mutahi alimwona. Akavua bereti, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wangui aliutazama ule mfuko. "Karibu, Baba," alisema, kisha akageukia abiria wengine. Nilitamani kumpiga mzee teke.

Abiria walianza kupanda. Mbele yetu alikuwa meja wa jeshi letu, mwenye sare na mwili mkubwa, na Mutahi alikuwa ameshanyooka kama kawaida yake mbele ya ofisa. Meja akaketi kiti cha mbele. Wangui akaingiza kichwa mlangoni.

"Afande, naomba urudi nyuma kabisa. Uzito wa mbele umezidi."

"Mimi hukaa hapa mbele kila safari."

"Leo utakaa nyuma, ama tubaki hapa chini."

Meja alimtazama, akatazama mistari, akanyanyuka. "Sawa, Kapteni," alisema, akarudi nyuma akiwa ameinama, magoti yakigonga viti.

Mutahi aliona yote kutoka chini ya ngazi. Akatoa bereti mfukoni, akaikunjua, akaivaa, akainyoosha upande wa kulia kwa vidole viwili. Akapiga kisigino. Mkono ukapanda.

"Sajini Mutahi. Naomba ruhusa ya kupanda, Kapteni."

Wangui hakuinua mkono. Alisimama wima, mikono ubavuni, magoti yamekazwa, macho mbele.

Mama mmoja mwenye duka Nanyuki, Shivani, aliyekuwa ameshaketi kando ya mlango, alinong'ona, "Si hata amrudishie mzee saluti! Watoto wa siku hizi."

"Mama, hana kofia," nilimwambia. Hakuelewa, nami nilikuwa nimegeuka kumtazama Mutahi.

Mutahi alishusha mkono taratibu.

"Umekumbuka," alisema.

"Ruhusa imetolewa," Wangui alisema. "Kiti cha tatu, kushoto, Baba. Na ufunge mkanda."

Mutahi alipanda, akaketi pale alipoambiwa.